Nyonga ya Ukoo

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni, bila maelezo yoyote. Ilipigwa kwa nyuma na mtu aliyekuwa amepakiwa kwenye bodaboda. Barabara ya vumbi, miembe upande wa kushoto, na katikati mwanamke mwenye suruali ya bluu na kilemba cha kijani, ananyonga baiskeli kuelekea Kibaoni. Uso hauonekani. Lakini Ifakara yote, pamoja na wingi wa baiskeli zake, ina mwanamke mmoja tu anayekaa kwenye tandiko akiwa ameegemea kidogo kulia, kama mtu anayetega sikio kusikia kitu chini. Huyo ni mimi.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno. Kisha mjomba wangu, aliyefungua kundi lile na ambaye ndiye mshika daftari la michango, akaandika: "Mpwa wangu, hiyo nyonga si yako peke yako."

Wiki ya kwanza niliuchukia ujumbe ule. Wiki ya pili nikaanza kushuku kwamba una ukweli ndani yake. Sasa ni mwezi wa tatu. Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na nimeona ni aibu kulikimbia swali la falsafa nililoletewa bure, tena na mtu aliyeishia darasa la saba.

Nilizaliwa na selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, kwa hiyo huenda nawe msomaji una ndugu au una rafiki uliyesoma naye ambaye alikuwa akipotea darasani kwa wiki mbili kisha anarudi macho ya njano. Chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Pamoja na mahali pengine, hupenda kukwama kwenye kichwa cha mfupa wa paja, ile tufe inayokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Tufe hiyo ina njia chache za kuletewa damu. Njia zikiziba, mfupa unakufa ndani ya mtu aliye hai. Wa kwangu, upande wa kushoto, ulianza kufa nikiwa na miaka 22. Nilidhani ni msuli. Nilipopigwa eksirei, ile tufe ilikuwa imebonyea kama yai la kuchemsha lililoanguka sakafuni.

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Kuendesha baiskeli kwa nguvu za miguu ni kuinyonga, na kiungo kinachobeba kazi hiyo kinaitwa nyonga. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa damu. Ila nilipoambiwa nyonga yangu imekufa, jambo la kwanza nililofikiri, kabla ya ngazi za hosteli na kabla ya ndoa ambayo kila mtu alianza kuifikiria kwa niaba yangu, ni kwamba sitanyonga tena.

Inabidi nieleze kwa nini, maana bila hilo hoja ya mjomba haina mpinzani. Mtoto wa selimundu hubebwa. Nilibebwa mgongoni, nikabebwa kwenye keria ya baiskeli ya mama kwenda kliniki huku nimeshika kiuno chake na kanga yake ikinipiga usoni, nikabebwa na walimu, nikabebwa na kaka zangu nikiwa nimeshavunja ungo na naona haya. Baiskeli ndiyo kitu cha kwanza kilichokwenda kwa sababu mimi nimetaka kiende. Nilijifunza kwenye Phoenix ya kaka, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu tandiko lilikuwa mbali na mimi kama dari. Na mfupa ulipokufa nikawa natembea na fimbo, niligundua jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: juu ya baiskeli mtu hachechemei. Chini, kila macho yanahesabu hatua zako. Juu, wewe ni mtu anayepita tu.

Nilifanyiwa upasuaji nikiwa na miaka 25, katika hospitali moja kubwa jijini Dar es Salaam. Kichwa cha mfupa kilikatwa. Shina la titani likaingizwa ndani ya mfupa wa paja, juu yake tufe ya kauri, na tufe hiyo inazunguka ndani ya kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Bima yangu ya mwanafunzi ililipia kitanda na dawa. Kiungo chenyewe, ilisema, ni juu yetu.

Ndipo mjomba akafungua kundi. Aliliita "Michango ya Nyonga", na liliendeshwa kama kamati ya harusi: orodha yenye namba, majina, ahadi, na alama ya vema kwa aliyekwishatuma. Kila jioni orodha ilirudiwa upya ili mwenye ahadi aone jina lake halina vema. Watu 41. Kuna wanakwaya waliochangia elfu tano tano. Kuna mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari. Kuna mwanamke mwenye genge pale mtaani ambaye sikuwahi kujua jina lake kamili mpaka nilipoliona kwenye orodha. Na kuna mama mdogo, ambaye aliuza magunia saba ya mpunga mwezi wa nane, wakati mavuno yamejaa sokoni na bei iko chini, badala ya kungoja Januari au Februari alivyokuwa amepanga. Mpunga ule ulikuwa bati za chumba cha tatu cha nyumba yake. Chumba hicho hadi leo kina turubai. Nikienda kumsalimia nakaa nikiliangalia, na yeye anaona ninavyoliangalia, na hatusemi.

Basi unaona kwa nini sikuweza kumjibu mjomba kwa John Stuart Mill. Ningeweza, na usiku ule nilijaribu, simu mkononi. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, Mill anadai kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa sababu tu ya faida ya huyo mtu mwenyewe. Inapata haki hiyo pale anapowadhuru wengine. Tatizo ni kwamba wengine wamo ndani ya mguu wangu. Mill mwenyewe hakuwa mjinga wa jambo hili: anakubali kwamba anayejiharibu akashindwa kulipa madeni yake au kulea watoto wake hawezi tena kusema hayo ni yangu binafsi. Nilifuta nilichoandika nikatuma: "Shikamoo mjomba. Nimekusikia."

Darasani tuna jibu la upande wa pili, na huwa tunalipokea kwa furaha kidogo kupita kiasi kwa sababu ni la kwetu. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliandika kwamba katika fikra za Kiafrika jamii inamtangulia mtu, na kwamba mtu hazaliwi akiwa mtu kamili. Huwa mtu kidogo kidogo, kwa kutimiza wajibu wake kwa wenzake. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba hapo amevuka mpaka: ni kweli tunazaliwa ndani ya watu, lakini mtu anabaki na uwezo wa kupima, kuchagua, hata kuikatalia jamii yake. Nimeandika insha mbili kuhusu mjadala huu na nikapata alama nzuri. Hakuna hata moja iliyosema lolote kuhusu turubai la mama mdogo.

Kwa hiyo niliacha vitabu nikaanza na maneno tunayotumia sisi wenyewe. Nilichopewa ni nini? Kama ni zawadi, mtoaji ameshaachia. Ukinipa kitenge huna haki ya kuniambia nishone nini, ingawa una haki ya kununa. Kama ni amana, basi kinyume kabisa: amana hailiwi, inatunzwa mpaka mwenyewe arudi. Mjomba, nadhani, anaiona nyonga kama amana. Kama ni mkopo ningejua tarehe ya kurudisha. Lakini sisi tunasema mchango, na mchango ni mnyama mwingine. Aliyechangia harusi hamiliki ndoa, lakini ndoa ikiyumba baada ya miezi minne atajiona ana haki ya kuuliza kulikoni, na wenye ndoa watajiona wana wajibu wa kumjibu jambo fulani, hata kama ni la uongo. Mchango haurudishwi kwa aliyetoa. Unarudishwa kwa kuchangia wa mwingine, leo kwangu kesho kwako. Na unatolewa kwa ajili ya kitu fulani kitokee. Watu 41 hawakununua kipande cha titani kikae salama. Walitaka nitembee.

Hapo nilijiona nimeshinda. Kama walitaka nitembee, nani amewapa mamlaka ya kusema niishie wapi?

Lakini kuna suala la hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, ukijumlisha taarifa za wagonjwa wengi wa miaka mingi, ulionyesha kwamba katika nyonga bandia 100, karibu 58 zinadumu miaka 25. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima wa makamo na wazee, wanaotembea kidogo. Mimi nilianza na 25. Hata nikiwa kwenye kundi la wenye bahati, nikifika 50 nitahitaji nyingine, na upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza, na gharama haitakuwa imeshuka. Nani atakuwa ameshika daftari? Nikipitia orodha ile jina kwa jina najua wengi wao hawatakuwepo. Plastiki inalika kwa mizunguko, si kwa miaka. Kila hatua ninayotembea ni kijisehemu kidogo kimetoka. Wenzangu wa rika langu wanapanga maisha kwa kuangalia mshahara. Mimi nina kitu ndani ya paja ambacho natakiwa kuamua kama nikitumie sasa nikiwa kijana, au nikiwekee akiba ili bibi kizee ambaye bado si mimi apate kwenda chooni peke yake.

Ajabu ni kwamba kwa upande wa kulika, baiskeli si adui. Wiki za mwanzo nilikuwa na makatazo mengi: nisikunje nne, nisikae kwenye kigoda wala mkekani, nisichuchumae, nisiiname kupita pembe ya digrii 90. Mama alinunua kiti cha plastiki akakitoboa katikati kwa ajili ya choo, na sisi wawili tulicheka mpaka mshono ukauma. Lakini mwezi wa tatu mtaalamu wa fiziotherapia mwenyewe ndiye aliyenipandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, tandiko likiwa juu kabisa. Uzito wa mwili uko kwenye tandiko, nyonga inazunguka bila kupigwa kishindo. Nilipomuuliza kuhusu baiskeli ya kweli alifikiri kidogo akasema: iwe ya kike, isiyo na bomba la juu, ili nisirushe mguu nyuma na kuchomoa tufe kwenye kikombe, njia iwe tambarare, nisipandishe mlima, ninywe maji kuliko ninavyodhani nahitaji, kwa sababu ya damu yangu. "Baiskeli haina ubaya," alisema. "Ubaya ni kuanguka."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo picha haikuonyesha, maana mpiga picha alikuwa ameshapita.

Dakika kumi baada ya picha ile, karibu na barabara ya Kidatu, lori lilinipita karibu mno. Nikasogea pembeni, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa matairi, na baiskeli ikalala kushoto. Sikuanguka. Nilikita mguu wa kushoto chini kwa uzito wangu wote, na kitu kama umeme kikapanda kutoka kwenye goti mpaka mgongoni. Niliburuta baiskeli mpaka chini ya mwembe nikakaa juu ya mzizi uliotokeza, ambao ulikuwa mfupi kuliko ninavyoruhusiwa, nikaweka kiganja juu ya kovu. Nilikaa nusu saa. Maumivu yalikwisha mapema kuliko hofu. Na unajua nilichokuwa nikifanya? Nilikuwa nikitunga ujumbe. Ndugu zangu wapendwa, bila shaka mnakumbuka. Nilifika hapo tu. Sikuweza kupata sentensi ya pili.

Kwa hiyo simu ilipolia na ujumbe wa mjomba kuingia, nilikuwa bado chini ya mwembe ule.

Kuna kisa kimoja kilichonisaidia na kuniharibia kwa wakati mmoja. Kiungo kama changu kina asili yake kwa daktari Mwingereza, John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon. Wagonjwa wake, mamia, waliinuka wakatembea bila maumivu. Kisha baada ya miaka michache Teflon ikalika, ikamomonyoka ndani ya nyama zao, ikabidi wapasuliwe tena. Charnley alipandikiza vipande vya plastiki ile ndani ya paja lake mwenyewe aone mwili unavyoikataa. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine, ngumu zaidi, na ukoo wa plastiki hiyo ndio ulio ndani yangu. Na kuna ombi alilokuwa akiwaomba wagonjwa wake: wakifa, nyonga zirudishwe, zipimwe zimelika kiasi gani. Watu wakakubali. Waliishi nazo, wakaenda nazo sokoni na kanisani, na walipokufa wakazirudisha.

Nilipokisoma kisa hiki nilifurahi kwa sababu ya uchoyo. Niliona orodha yetu ya 41 ina majina mengine marefu juu yake, ya wazee wa Kiingereza wasionijua, na hao hawakudai nyonga zitunzwe. Walichorudisha kilikuwa na thamani kwa sababu kilitumika. Nyonga iliyokaa miaka kumi kitandani isingemfundisha Charnley kitu. Nilitaka kukituma kisa hiki kundini kama jibu. Halafu nikakumbuka kwamba wale wazee walizichakaza nyonga zao kwa kwenda sokoni, si kwa kushindana na malori ya sukari.

Mama hakuandika chochote kundini. Yeye aliificha pampu. Niliitafuta siku mbili, tairi la nyuma likiwa limelala, nikaikuta ndani ya pipa la mchele. Nilimfuata jikoni na hoja zangu zote, zawadi, amana, mchango. Alinisikiliza akiwa anachambua mboga. "Mimi sina hoja, mwanangu," alisema. "Mimi nataka kulala usiku." Mama amelala chini ya vitanda vya wodi, juu ya kanga, mara nyingi kuliko nilivyolala mimi juu yake, kwa sababu mimi wakati huo sikuwa nalala. Ukinibana nikuambie ni dai gani kati ya yote lina nguvu juu ya mwili wangu, ni hilo lake, ambalo halikuchangiwa wala halimo kwenye daftari. Na ndilo pia nisiloweza kulitii kikamilifu, kwa sababu likitimizwa lote nitarudi kwenye keria.

Mwishowe nilikwenda kwa mjomba, kwa miguu. Nilimwamkia, tukazungumza mvua na bei ya mbolea, kisha nikamweleza habari ya lori. Hakuna mwingine niliyekuwa nimemweleza. Nilitegemea aseme unaona. Alikaa kimya, akavua kofia akaipangusa vumbi.

"Mimi sikuzuii," alisema. "Nitakuzuiaje, wewe ni mtu mzima, na msomi. Lakini ukianguka, ni mimi nitakayefungua kundi tena. Niambie, mama, nitaanza na neno gani?"

Nilishtuka, kwa sababu lilikuwa swali langu mwenyewe la chini ya mwembe. Miezi yote nilidhani anailinda nyonga. Yeye alikuwa akilinda uso wake, yaani uwezo wa kwenda kwa watu 41 na kuomba. Kuomba kunachosha mtu kuliko kutoa. Nilimwona akifanya hivyo kila jioni, na sikulihesabu kama mchango kwa sababu halikuwa na vema. Na uwezo huo hautumiki kwangu peke yangu. Mwaka huu kundi lilelile limebadilishwa jina mara mbili, kwa msiba mmoja na kwa ada ya mtoto wa shangazi.

Hatukuafikiana kuhusu baiskeli. Nilimwambia nitaendelea, na nikamwambia wapi: njia za mashambani, asubuhi, si barabara ya malori. Nikamwambia pia kwamba kama litatokea la kutokea, ujumbe wa kwanza nitauandika mimi, kwa jina langu, nikieleza nilikuwa wapi na nilikuwa nikifanya nini, kabla yeye hajaomba chochote. Alisema hilo ni rahisi kusema. Ni kweli. Siku ile ile usiku niliandika kundini habari ya lori, na nimeshaona watu wawili hawanisalimii kama zamani. Mmoja aliuliza kwa nini basi tulichanga. Nilimjibu kwa kirefu. Hakunijibu, na sidhani kwamba anadaiwa jibu.

Mama mdogo naye hakusema kitu kundini. Baada ya siku tatu alinitumia ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma: "Mwanangu, hiyo baiskeli yako, ukipita mashineni niulizie kama wana pumba. Lakini usipite kule kwenye malori."

Nilikwenda asubuhi, kwa njia ya nyuma ya shule, jua likiwa bado chini, na chupa mbili za maji kwenye keria. Mama alisimama mlangoni mpaka nilipokata kona. Mashineni pumba zilikuwa zimekwisha. Nilimpigia mama mdogo kumweleza, akasema nijaribu tena Alhamisi.